Wageni Wanataka Kufanya Kazi Igoma? Vidokezo 12 vya Kusajili Shirika Lao

Simu imeita. Shemeji yako aliyeko Uingereza, au yule mwalimu Mjerumani aliyewahi kufundisha hapa, anakuambia kwa furaha kwamba wana shirika lao la hisani na sasa wanataka kufanya kazi Igoma. Wengine wanawaza kisima, wengine maktaba ya mtaa, wengine vyerehani kwa mabinti walioacha shule. Raha tupu! Halafu linakuja swali ambalo wewe, kama mwenyeji, ndiye unayetegemewa kulijibu: tunaanzia wapi?

Tulia, unaliweza. Mwanza ina mazoea ya siku nyingi na wageni wa namna hii. Jiji letu lina udugu na Würzburg ya Ujerumani tangu mwaka 1966, na lina udugu pia na Tampere ya Finland. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji hupona vizuri zaidi mgeni anapoingia kwa mlango wa mbele, cheti mkononi, na mtaa mzima ukijua kaja kufanya nini. Haya hapa mambo 12 yatakayokuokolea muda, nauli na presha.

1. Anza na kata, Dodoma itasubiri

Ofisi ya Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali (NGO) iko Dodoma, na wengi hukimbilia huko kwanza. Wewe anza karibu. Panda bodaboda hadi ofisi ya kata, msalimie mtendaji, kisha mtafute Afisa Maendeleo ya Jamii. Huyu ndiye mtu wako! Anavijua vikundi vilivyopo, anajua barua ya utambulisho inavyopatikana, na ndiye atakayeulizwa siku ofisi za juu zikitaka kujua kama shirika hili linafahamika. Angalia na mipaka pia. Igoma iko Jiji la Mwanza, wilaya ya Nyamagana. Ukisogea Nyamhongolo uko Manispaa ya Ilemela. Ukiifuata barabara ya Musoma hadi Kisesa, umeshaingia wilaya ya Magu. Halmashauri tatu ndani ya safari fupi ya daladala! Mbinu ya haraka: orodhesha kata zote mtakazofanyia kazi, na pembeni ya kila moja andika halmashauri yake. Hapo utajua ni milango mingapi ya kubisha hodi.

2. Uliza nani ameshatangulia

Kabla wageni hawajaandika mradi, watembeze. Shirika la Kivulini limepigania haki za wanawake Mwanza kwa miaka mingi. EMEDO wanafanya kazi na jamii za wavuvi, ikiwemo kuzuia vifo vya kuzama ziwani. Railway Children, shirika lililoanzia Uingereza, limefanya kazi na watoto wa mitaani hapa hapa jijini. Na kuna mambo ambayo mgeni hawezi kuyasoma kwenye ramani. Igoma ndiko walikozikwa watu wengi waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Anayekuja na mradi wa usalama majini anaongea na watu ambao kwao huo ni msiba wa nyumbani. Asikilize kwanza. Sheria yenyewe inasukuma upande huo huo: shirika la kimataifa linatakiwa kukuza uwezo wa mashirika mengine, kushiriki shughuli za Baraza la Taifa la NGO, yaani NaCoNGO, na kujiepusha na jambo lolote la kuzua ushindani au kutoelewana. Panga ziara za kutembelea mashirika mawili matatu. Chai ya saa nne inatosha kuzuia mradi usirudie kazi ya jirani.

3. Je, wanahitaji cheti chao wenyewe?

Swali hili linaweza kuwaokolea miezi! Kama marafiki zako wanataka kupeleka vitabu shule moja au kugharamia kisima kimoja, huenda inatosha kushirikiana na shirika la hapa ambalo tayari limesajiliwa. Waandikiane makubaliano ya kurasa chache: nani anapokea fedha, nani ananunua vifaa, nani anaandika taarifa, na chenji ikibaki inakwenda wapi. Lakini wakitaka ofisi yao, wafanyakazi wao, akaunti yao ya benki na jina lao kwenye kibao cha nje, hapo hakuna mjadala, wasajili. Kuendesha shirika bila usajili ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nani anataka safari ya wema iishie kituoni?

4. Panga foleni kwenye dirisha lako

Hapa ndipo watu wengi huzungushwa, kwa hiyo soma taratibu. Kampuni zinasajiliwa BRELA. Wadhamini wanaandikishwa RITA. Jumuiya, zikiwemo nyingi za dini, ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. NGO zina dirisha lao: Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Namba 24 ya mwaka 2002, inayosimamiwa na Msajili chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Usajili una ngazi nne: wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Shirika lililozaliwa nje likitaka kufanya kazi hapa kwa jina lake, ngazi yake ni ya kimataifa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliwavuta pia chini ya sheria hii wale waliokuwa wakifanya kazi za NGO kwa karatasi za kampuni au za wadhamini. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "sisi tulipita BRELA tu mwaka 2010," mshukuru kwa ushauri, kisha nenda dirisha lako.

5. Kusanya karatasi kwanza, kompyuta baadaye

Nunua faili moja, liandike jina la shirika kwa kalamu nene, na usiguse mfumo wa maombi mpaka lijae. Weka humo katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina kamili na sahihi zao, taarifa binafsi za viongozi, anwani na mahali ofisi kuu ilipo, barua ya utambulisho, na nakala ya cheti cha usajili wa kwao. Ongeza azimio la bodi yao linalosema wazi: tumekubali kufungua kazi Tanzania, na fulani ndiye mwakilishi wetu. Cheti cha kwao kithibitishwe na mthibitishaji wa huko kabla hawajapanda ndege, maana kuagiza muhuri kutoka Ulaya wewe ukiwa Igoma ni kazi ya wiki nyingi. Na majina! Jina la kwenye pasipoti, la kwenye muhtasari na la kwenye fomu liwe lile lile, herufi kwa herufi. Kaa na mtu wa pili, mmoja asome kwa sauti, mwingine aangalie. Robo saa tu.

6. Katiba ya kazi, watu wa kweli

Kunakili katiba ya shirika jingine kunavutia, najua, hasa usiku wa manane. Lakini katiba ndiyo mtakayoshikana nayo mashati siku mkikosana, kwa hiyo ijibu maswali magumu mapema: kiongozi anaondokaje? Nani anatia sahihi hundi? Shirika likifungwa, pikipiki na kompyuta zinakwenda kwa nani? Kisha pitia kila lengo ukijiuliza, "Mama muuza dagaa wa soko la Igoma ataona nini hapa?" Lengo lisilo na jibu lipunguze au lifute. Na viongozi Watanzania wasiwekwe ili kujaza nafasi. Wawe na sauti kwenye vikao, waone hesabu, watie sahihi wanachokielewa. Mkipata nafasi, toeni muhtasari wa katiba kwa Kiswahili wa ukurasa mmoja muubandike mlangoni. Mtaa ukikujua, mtaa unakulinda.

7. Mfumo unakusubiri, vishoka waachwe wapite

Maombi yanapita kwenye mfumo wa NGO wa Wizara mtandaoni, kwa hiyo hakuna haja ya kulala stendi ukisubiri basi la Dodoma. Fungua akaunti kwa barua pepe ya shirika, isiwe ya kijana wa kujitolea ambaye mwezi ujao anarudi kwao na nywila kichwani. Hakikisha kila ukurasa uliopigwa picha unasomeka. Ule wenye kivuli cha kidole rudia. Ada lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo, na risiti iingie kwenye faili lile lile. Akitokea mtu nje ya ofisi anayekuambia "nipe nikusaidie iende haraka," mshukuru kwa heshima na uendelee na safari yako. Maombi yakikataliwa, mna haki ya kupewa sababu kwa maandishi, kuomba Bodi ya Uratibu iangalie upya, na hata kukata rufaa kwa Waziri. Mara nyingi kinachokwamisha ni kitu cha kurekebishika kabisa: sahihi iliyosahaulika, lengo lisiloeleweka, jina lisilofanana.

8. Viza ya matembezi ni ya matembezi

Tuseme rafiki yako Lisa amekuja likizo, ameipenda Igoma, sasa anataka kufundisha Kiingereza "wiki chache tu." Moyo mzuri kabisa! Lakini kujitolea nako ni kazi mbele ya sheria, na viza ya utalii haimruhusu. Anayekuja kufanya kazi anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Kwenye ukaazi, daraja B ni la waajiriwa, na daraja C linawagusa watu wa kujitolea, watafiti na wamisionari. Sheria inataka pia mwajiri aonyeshe jinsi Mtanzania atakavyoandaliwa kuishika kazi ile. Ichukulie kama zawadi: kila mgeni akija, mpangie kijana wa hapa wa kufanya naye kazi bega kwa bega tangu siku ya kwanza, na muandike hivyo kwenye mpango. Wakati mnasubiri vibali, mfundishe Lisa kusema "Mwangaluka!" asubuhi. Bibi wa Kisukuma akiitikia, nusu ya utambulisho imekamilika.

9. TRA, mishahara na lile kontena

Hapa ndipo wageni hushangaa: cheti cha NGO hakifuti kodi. Shirika linapata namba ya mlipakodi TRA kama wengine, na likitaka kutambuliwa kama taasisi ya hisani kwenye kodi ya mapato, linaomba uamuzi wa Kamishna na kuonyesha kazi zake, kama kupunguza umaskini au kuendeleza elimu. Wafanyakazi wanakatwa kodi ya mshahara, wanachangiwa NSSF ambako jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anachangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Yote haya yawe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Sasa kontena. Wafadhili wanapenda makontena! Vitanda, baiskeli, dawa, nguo. Waombe wasubiri. Msamaha wa ushuru huombwa kabla mzigo haujafika, dawa na vifaa tiba vina idhini ya TMDA, na bidhaa nyingine zinaangaliwa na TBS. Mzigo uliofika Dar es Salaam bila karatasi unahesabiwa gharama za bandari kila siku, na fedha hizo zingenunua madawati Mwanza. Mbinu ya haraka: wape wafadhili orodha ya bei za vitu hivyo hivyo madukani Mwanza. Wengi wakiiona watatuma fedha, na fundi seremala wa Igoma atapata kazi.

10. Watoto, picha na utafiti vina ruhusa zake

Cheti cha NGO hakikupi ruhusa ya kila kitu. Makao ya watoto yana leseni yake kupitia Ustawi wa Jamii, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasimamia maslahi yao. Utafiti unapita COSTECH, na ukihusu afya za watu unahitaji pia kibali cha maadili, kwa mfano cha NIMR. Picha je? Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, majina, picha na taarifa za afya za watu si vitu vya kusambaza ovyo. Tengeneza fomu fupi ya ridhaa kwa Kiswahili, na mzazi aelezwe picha itatumika wapi kabla ya kutia sahihi. Kanuni rahisi ya kukumbuka ukiwa na kamera mkononi: kama usingependa mwanao aonyeshwe hivyo huko Ulaya, usimwonyeshe mtoto wa mwenzio.

11. Fedha zitembee mchana

Cheti kimetoka? Hongera, keki ikatwe! Kesho yake funga kalenda ukutani. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zinataka mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20 ipelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kila mwaka kuna ada, taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Tangu marekebisho ya 2019, cheti kinadumu miaka 10, na maombi ya kukihuisha hupelekwa miezi sita kabla hakijaisha muda. Tarehe zote ziandikwe kwa wino mwekundu na mtu mmoja apewe kazi ya kuzifuatilia. Kisha ongeza moja ambayo hakuna atakayewalazimisha: mara moja kwa mwaka, simameni kwenye mkutano wa mtaa mseme tumepokea kiasi hiki, tumefanya haya, tumebakiwa na kiasi hiki. Jirani aliyesikia hesabu kwa masikio yake hahitaji kuuliza gari lile lilinunuliwa kwa fedha za nani.

12. Cheti hakivuki ziwa

Victoria ni ziwa moja lenye sheria za nchi tatu. Marafiki zako wakifanikiwa Igoma watatamani Kisumu na Jinja, na huko wanaanza upya. Kenya inatumia sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi Mei 2024. Uganda ina Sheria ya NGO ya mwaka 2016. Hata Zanzibar ina utaratibu wake wa usajili, kwa hiyo cheti cha Bara kisipandishwe boti kwa matumaini. Habari njema ni kwamba lile faili lenu nene linasafiri vizuri. Katiba iliyonyooka, hesabu zilizokaguliwa na barua nzuri ya Igoma vitawasemea popote watakapobisha hodi.

Wiki hii fanya matatu tu

Usibebe yote 12 kwa mkupuo. Jumatatu nenda ofisi ya kata ukajitambulishe. Jumatano watumie marafiki zako orodha ya karatasi za kidokezo cha tano. Ijumaa tembelea shirika moja la Mwanza linalofanya kazi inayofanana na yao. Siku tatu hizo zitakuonyesha kama wageni wako wana subira ya kufanya kazi na watu, na hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko muhuri wowote.

Maana usajili ni sehemu ya kazi yenyewe. Shirika lililojitambulisha mtaani, likaandika malengo yake kwa lugha inayoeleweka na kuziweka hesabu zake wazi, limewapa watu wa Igoma nguvu ya kuliuliza maswali. Watu wenye nguvu ya kuuliza hupata kisima kinachotoa maji hata baada ya mgeni kurudi kwao. Hilo linastahili kila foleni na kila fotokopi. Kazi kwako, mwenyeji, ofisi ya kata inafunguliwa asubuhi!